Wachezaji Wasio na Nyuso

Siku ya michezo kila mtu humtazama mshindi anapokata utepe. Ni wachache wamtazamao mchezaji kabla ya filimbi kulia, naye amesimama peke yake mbele ya macho ya watu wengi. Yuko mchora picha mmoja aliyependa sana kuichora saa hiyo ya kungoja, naye ni Thenjiwe Niki Nkosi.

Bibi Nkosi alizaliwa New York mwaka 1980, na kazi yake huifanya Johannesburg, Afrika ya Kusini. Mwaka 2020 alionyesha mjini humo picha alizoziita "Gymnasium". Picha hizo zahusu jimnastiki, yaani mchezo wa kuruka na kupinduka. Ndani yake mna wasichana weusi waliovaa nguo za mchezo, tena mna waamuzi na watazamaji. Rangi zake ni tulivu, mistari ya sakafu imenyooka, na nyuso nyingi hazina macho wala midomo.

Kwa nini nyuso zisichorwe? Tuufikiri mchezo wenyewe. Wanawake hushindana juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10 tu, iliyoinuliwa mita moja na robo. Katika mchezo wa sakafuni mwanamke huruka na kucheza kwa muziki, bali mwanamume huruka bila muziki. Basi mwanamke hutakiwa awe na nguvu, na tena apendeze. Mwaka 2012, katika Olimpiki ya London, Gabby Douglas wa Marekani alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwashinda wote katika jumla ya michezo hiyo. Hata hivyo wako watu waliozitia makosa nywele zake!

Picha isiyo na uso haitupi nafasi ya kuupima uzuri wa mtu. Yatubidi tutazame bega, mguu, na jinsi wenzake wanavyomngoja. Mwisho twajiona sisi wenyewe, maana sisi ndio tuliokaa upande wa watazamaji.

Wenzangu, dada zetu wa shule nyingine wajapo kushindana katika uwanja wetu, tusipige kelele juu ya sura zao wala mavazi yao. Wakiruka vizuri, tuwapigie makofi kwa kuruka kwao.