Sura ya 7: Tumbo Halionji

Swali hili hulisikia zaidi kwa ndugu wa mgonjwa kuliko kwa mgonjwa mwenyewe: "Sasa daktari, akishapunguzwa tumbo atakula nini? Uji mpaka kufa?" Wapo walioshajiandaa kumpikia mtori maisha yake yote. Wapo wengine wanaoamini kwamba baada ya kisu mtu ale atakacho, kazi imekwisha. Wote wanadhani chakula ni habari ya tumbo peke yake.

Tumbo halionji. Ulimi ndio unaoonja, na sehemu kubwa ya utamu wa pilau ni harufu ya viungo inayopanda puani kupitia nyuma ya koo tunapotafuna. Daktari wa upasuaji hagusi huko. Anachopunguza ni nafasi. Kuna upasuaji unaoondoa takriban asilimia 80 ya tumbo na kuacha mfereji wenye umbo la ndizi. Kuna na ule wa mchepuo, unaobakiza kifuko cha kama mililita 30, vijiko viwili vya mezani, kikaungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Sehemu ya juu ya tumbo, inayokatwa katika upasuaji wa kwanza, ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, na ndiyo maana miezi ya mwanzo wengi hawasikii njaa. Lakini njaa na uchu ni vitu viwili, na uchu haukatwi.

Nilipanga kueleza hatua kwa hatua: vinywaji, kisha vilivyopondwa, kisha vyakula laini, mpaka chakula cha kawaida kuanzia kama wiki ya sita au ya nane. Hayo mgonjwa huandikiwa siku anayoruhusiwa kutoka hospitali. Acha nieleze habari ya kisosi.

Mama mmoja, mpishi wa shughuli, alinijia mwezi wa nne baada ya upasuaji. Kila akila nguru wa nazi, anatapika, na shoga zake walishamwambia samaki "amemkataa". Nikamwomba alete chakula chake, ale mbele yangu. Akafunua bakuli: wali, nguru, na chupa ya maji pembeni. Akaanza na wali. Akanywa maji. Akamega nguru tonge la mtu mzima, akatafuna mara tano, nilihesabu, akameza. Tonge la nne pua ikaanza kuchuruzika, kisha kwikwi.

"Hapo umeshiba, mama."

"Sijashiba, daktari. Tumbo halijajaa."

Tangu utotoni tumefundishwa kwamba shibe ni kulegeza mkanda. Tumbo jipya halitoi ishara hiyo. Lenyewe hubana kifuani, hupiga kwikwi, huleta makamasi, na tonge linalofuata hurudi lilikotoka. Nguru hakuwa na kosa lolote.

Wiki iliyofuata alikula kwa kisosi na kijiko cha chai. Samaki kwanza, kwa sababu mwili unataka angalau gramu 60 za protini kwa siku na nafasi ya kuziweka ni finyu. Wali mwisho, kama pamebaki nafasi. Maji nusu saa baadaye. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kijiko kinawekwa chini, anatafuna mpaka kinalainika kama uji. Kipande cha tatu akanyamaza, akanitazama: "Kumbe ndimu huwa naizidisha." Miaka yote hiyo amewapikia watu nguru huyo.

Kuhusu kijicho nitasema mara moja tu. Mtu wa mchepuo akinywa juisi ya miwa harusini, sukari inatua kwenye utumbo kwa mkupuo, kwa kuwa haipiti tena kwenye mlango wa tumbo unaoiachia kidogo kidogo. Inavuta maji kutoka kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, anaona kizunguzungu. Hajarogwa na hana haja ya kombe. Alale kidogo, na kesho aiache juisi.

Linaloniudhi zaidi ni mlonge. Unga wake una faida zake, lakini wauzaji wanawaambia wagonjwa wangu kwamba unatosha badala ya vidonge. Vitamini B12 haimo kwenye majani ya mlonge wala ya mmea mwingine wa shambani. Hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na ili mwili uifyonze vizuri unahitaji tindikali na protini maalumu vinavyotengenezwa tumboni, palepale tulipopunguza. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo anayeacha vidonge hujiona mzima, anamsifu muuzaji, hata anawaelekeza wenzake kwake. Baadaye huanza ganzi miguuni, kisha usahaulifu, na mishipa ya fahamu ikishaharibika sana si yote hupona. B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D ni vya maisha yote, na damu ipimwe kila mwaka, hata kama mtu anajisikia mzima.