Mchele upo, duka halionekani: Herufi tatu zinavyofukuza wanunuzi

MCHELE wa Kyela hauhitaji kupigiwa debe. Jina lake pekee linatosha kumfanya mnunuzi wa Dar es Salaam aongeze bei, na ndiyo maana mchele wa kwingine nao huuzwa mijini kwa jina hilo hilo. Kwa mfanyabiashara wa Ikolo, Ipinda au Ngonga, kazi si kumshawishi mteja kwamba mchele wa Kyela ni mzuri. Kazi ni kumthibitishia kwamba huu uliomo ndani ya mfuko umetoka Kyela kweli.

Tovuti ni mojawapo ya njia za kutoa uthibitisho huo. Mwenye mashine ya kukoboa huchapa jina la tovuti yake kwenye mfuko wa kilo 5, mnunuzi akaliandika kwenye simu, akaona shamba, bei na namba ya kuagizia. Njia hii ni nyepesi na gharama yake ni ndogo. Hata hivyo, ina shimo ambalo wengi hawalioni hadi mteja atumbukie, nalo linahusu herufi tatu tu: www.

Tuchukue mfano wa mama mmoja mfanyabiashara wa Ikolo ambaye tovuti yake tutaiita mfano.co.tz. Fundi aliyemtengenezea yuko Mbeya mjini. Kwenye kompyuta ya fundi huyo, www.mfano.co.tz inafunguka vizuri na malipo yanakamilishwa. Mama anachapisha mifuko 2,000 yenye maandishi "mfano.co.tz", bila www, kwa kuwa ni fupi na yanapendeza. Mnunuzi wa Dar es Salaam anaandika kama alivyosoma, na simu inamjibu kwamba tovuti haikupatikana.

Mteja muungwana atapiga simu: "Mama, huo mtandao wenu mlioandika kwenye mfuko haupo." Wengi hawatapiga. Katika soko ambalo jina la Kyela linaghushiwa, tovuti isiyofunguka ni dalili ya utapeli. Mfuko unarudishwa rafuni na mkono unakwenda kwenye mfuko wa jirani.

Majina mawili, si moja

Chanzo cha matatizo haya ni dhana kwamba www ni pambo la mbele tu. Sivyo. Kwa kompyuta, mfano.co.tz na www.mfano.co.tz ni majina mawili tofauti, na kila moja linahitaji maelekezo yake.

Maelekezo hayo hutunzwa katika mfumo wa majina ya intaneti, ujulikanao kwa kifupi kama DNS, uliobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Ufananishe na daftari la karani wa stoo. Mnunuzi analeta jina, karani anampa namba ya mlango. Kama daftarini imeandikwa "Stoo ya Mama" peke yake, anayeuliza "Mama" ataambiwa hayupo, hata kama mchele umejaa hadi darini.

Desturi ya www ilitokana na mafundi kuziita kompyuta zao kwa kazi zake: moja ya barua, nyingine ya mafaili, nyingine ya kurasa. Haikuwa sheria. Tovuti ya kwanza kabisa duniani, ile ya Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, ilikuwa na anwani ya info.cern.ch, bila www.

Kwa nini basi mwenye tovuti hagundui mapema? Sababu ni mbili. Kwanza, kivinjari chake hukumbuka anwani aliyozoea kuifungua na kumkamilishia hata kama hakuandika www. Pili, vivinjari vingi vya siku hizi huificha www kwenye kisanduku cha anwani. Chrome ilianza mtindo huo mwaka 2018. Mtu huona mfano.co.tz akadhani ndiyo iliyofunguka, kumbe ni ile nyingine.

Kosa husema liko wapi

Jambo la kwanza ni kupima kwa simu ambayo haijawahi kuifungua tovuti hiyo, ikiwezekana ya mtandao mwingine wa simu. Andika anwani zote mbili, moja baada ya nyingine, kisha soma ujumbe wa kosa kwa makini. Ikiwa yenye www inafunguka, ondoa hofu kwamba ada ya mwaka ya jina imekwisha muda. Ingekuwa imekwisha, kwa kawaida zote mbili zingekufa.

Ujumbe ukisema jina halikupatikana, kasoro iko daftarini. Fundi aingie mahali rekodi za DNS zinapotunzwa na kuongeza rekodi ya aina ya A kwa jina tupu, ambalo paneli nyingi huliandika kwa alama ya @. Rekodi hiyo ielekezwe kwenye namba ya seva inayohifadhi tovuti.

Kivinjari kikisubiri hadi kikachoka, au kikikataliwa, yaelekea rekodi ipo lakini inaelekeza kwenye seva ya zamani. Hili hutokea tovuti inapohamishiwa kwa mwenye seva mpya, fundi akabadilisha www na kusahau jina tupu.

Ukitokea ukurasa wa kampuni ya seva, au tovuti ya mtu mwingine, yaelekea daftari liko sawa na mlango ni sahihi, ila seva haijaambiwa kwamba jina tupu nalo ni la mteja huyo. Dawa ni kuliongeza jina hilo kwenye mipangilio ya seva.

Likija onyo kwamba tovuti si salama, tazama cheti cha usalama. Cheti cha www.mfano.co.tz peke yake hakilindi mfano.co.tz. Hata kile cha alama ya nyota, *.mfano.co.tz, hakiligusi jina tupu. Ni lazima majina yote yaandikwe. Wapo mafundi wanaosema jina tupu halihitaji cheti kwa kuwa linampeleka mteja kwenye www. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu anayeingia kwa njia ya https hukaguliwa cheti kwanza, ndipo aelekezwe. Vyeti vya bure vimekuwapo tangu 2015 kupitia Let's Encrypt, hivyo gharama si kisingizio.

Tahadhari kwa barua pepe

Hapa ndipo fundi mwenye haraka anapoweza kuleta hasara kubwa kuliko ile aliyokuja kuiondoa. Www huruhusiwa kuwa lakabu, yaani rekodi ya CNAME inayosema "nenda kwa jina lile". Jina tupu haliruhusiwi. Kanuni za DNS za mwaka 1987 zinakataza lakabu kukaa pamoja na rekodi nyingine, na jina tupu lazima libebe rekodi za usimamizi wa jina zima. Humo humo ndimo kwa kawaida inamokaa rekodi ya MX, inayoonyesha barua pepe zipelekwe wapi.

Paneli nyingi zitalikataa kosa hilo. Lakini fundi akifuta rekodi zilizopo ili kupisha lakabu, tovuti yaweza kufunguka huku maagizo ya mchele yanayokuja kwa barua pepe yakipotea kimya kimya. Mwenye biashara adai nakala ya rekodi zote kabla ya chochote kuguswa, na MX isiguswe.

Aidha, asitarajie matokeo papo hapo. Kila rekodi ina muda wa kukumbukwa, unaohesabiwa kwa sekunde: 3,600 ni saa moja, 86,400 ni siku nzima. Hata jibu la "halikupatikana" hukumbukwa kwa muda. Kwa hiyo Dar es Salaam wanaweza kuiona tovuti mchana na Mbeya wakaiona jioni, bila ya mtu kukosea.

Mwisho, majina yote mawili yakishafunguka, lichaguliwe moja liwe kuu na jingine lielekezwe huko moja kwa moja, kwa agizo ambalo seva hulitambua kwa namba 301. Hapo injini za kutafutia hazitagawa sifa za duka moja kwenye maduka mawili.

Hesabu ya biashara

Kuongeza rekodi moja ni kazi ya dakika chache. Tuseme kuchapa mfuko mmoja ni shilingi 500: mifuko 2,000 ni shilingi milioni moja zilizochapwa na anwani iliyokufa. Hapo hatujahesabu mnunuzi wa jumla aliyekata tamaa, ambaye hasara yake haionekani kwenye kitabu chochote.

Ushauri wetu ni kwamba malipo ya mwisho ya fundi yafungwe kwenye masharti manne. Anwani zifunguke zote mbili, kwa http na kwa https, kwenye simu ya mtu mwingine. Jina lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, si la fundi. Nywila za paneli zikabidhiwe kwa maandishi. Na mifuko isichapwe kabla ya hayo matatu kukamilika.

Hayo yanawahusu pia wenye nyumba za wageni za Matema na vyama vya wakulima wa kakao. Mnunuzi aliye mbali hawezi kupanda gari hadi Kyela kuhakikisha kama duka lipo. Ataandika anwani mara moja, na atakachokiona ndicho atakachokiamini.