Maana katika Tarakimu: Ukusanyaji wa Noti zenye Nambari Adimu

Utangulizi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inaafiki desturi ya benki kuu ya kuipa kila noti nambari yake ya mfululizo. Nambari hiyo huiwezesha mamlaka kufuatilia noti zilizochapishwa, na vilevile husaidia kufichua noti bandia. Hata hivyo, wapo watu wanaoisoma kwa jicho tofauti: wakusanyaji wa noti zenye nambari adimu. Makala haya yanaeleza kinachozifanya nambari hizo zithaminiwe, na tahadhari zinazompasa anayevutiwa na uraibu huu.

Ruwaza za Nambari

Noti za Marekani zina tarakimu nane, na wakusanyaji wa huko wameziainisha nambari zake kwa makini. Kwanza, kuna nambari zinazoundwa kwa tarakimu moja tu, kwa mfano 77777777. Kuanzia tarakimu 1 hadi 9, nambari za aina hii ni tisa pekee kati ya takriban milioni 100. Pili, kuna ngazi, ambazo hupanda au kushuka kwa utaratibu, kama vile 12345678. Tatu, kuna takriri, ambapo tarakimu nne za mwanzo hurejelewa, mathalani 45724572. Nne, kuna nambari ndogo sana, kama 00000001.

Tano, kuna zile ziitwazo rada, zisomekazo sawa kutoka mwanzo au mwisho, kwa mfano 27388372. Jina hili limetokana na neno la Kiingereza radar, ambalo lenyewe lina sifa hiyo. Katika rada, tarakimu nne za kwanza zikishajulikana, nne zilizosalia hazina uhuru tena. Kwa hivyo, hutokea mara moja katika kila noti 10,000. Noti za Kenya huwa na herufi mbili na tarakimu saba. Kwa msingi huo, nambari ya aina hii hutarajiwa mara moja katika kila noti 1,000. Ni dhahiri basi kwamba si kila ruwaza inayopendeza macho ni adimu.

Msomaji na Maana

Kihesabu, 77777777 haina upekee wowote kuliko 40918265. Zote mbili hutokea mara moja tu. Tofauti huletwa na msomaji. Mmarekani akiona 07041776 hukumbuka Julai 4, 1776, siku ya tangazo la uhuru wa nchi yake. Mkenya akiona 1061963 huenda akakumbuka Juni 1, 1963, siku ya Madaraka. Kwa Wachina wengi, tarakimu 8 ni ya heri kwa kuwa matamshi yake hukaribiana na ya neno la kutajirika, ilhali 4 huepukwa kwa kuwa hukaribiana na neno la kifo. Kama ilivyo katika fasihi, maana haimo katika matini pekee. Huzaliwa matini yanapokutana na utamaduni wa anayeyasoma.

Thamani na Hatari Zake

Kutokana na hayo, thamani ya noti adimu hutegemea kuwepo kwa msomaji mwingine aliye tayari kuilipia. Bei anayoitaja muuzaji si ushahidi wa thamani. Ushahidi ni bei iliyokwisha kulipwa mnadani kwa noti ya aina hiyo. Aidha, hali ya noti huzingatiwa mno. Mkunjo mmoja hupunguza bei, na kuifua au kuipiga pasi noti huiharibu zaidi.

Wakenya wana funzo lao la karibu. Juni 1, 2019, Benki Kuu ya Kenya ilizindua noti mpya na kutangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kuwa halali ifikapo Oktoba 1 mwaka huo. Zaidi ya noti milioni 7 hazikurudishwa. Aliyeweka mojawapo kwa sababu ya nambari yake hawezi tena kuinunulia hata pakiti ya unga. Iwapo atapatikana mkusanyaji anayeipenda nambari hiyo, huenda akapata zaidi ya shilingi 1,000. Asipopatikana, amebaki na karatasi.

Hitimisho

Ni bora basi anayeanza azichunguze noti zinazopita mikononi mwake badala ya kukimbilia kununua kwa bei ghali. Akipata yenye nambari adimu, na noti hiyo ingali halali, hana hasara: siku ya dhiki ataitumia kama noti nyingine yoyote. Anayenunua kwa kuvutiwa na maneno ya muuzaji hana kinga hiyo. Kabla ya kutoa pesa, na afanye hesabu: ruwaza hii hutokea mara ngapi, na ni nani mwingine atakayeisoma?