Juni Si Mwezi wa Kuacha Baiskeli

Kila mwaka mwezi wa sita ukiingia, baiskeli za Luano, pembeni mwa Lubumbashi, hupungua barabarani. Zinafungiwa ndani, nyuma ya magunia ya unga, na wenye nazo wanasimama kando ya lami kusubiri taksi-basi, mikono kwapani. Ukiwauliza, jibu ni moja: baridi. Watu hao hao mwezi wa pili, mvua ikiwa imegeuza vichochoro vyetu kuwa tope jekundu linaloshika gurudumu lisizunguke, walipanda baiskeli kila siku wala hawakunung'unika.

Mimi ni muuguzi. Nakaa upande huu wa uwanja wa ndege, kazi yangu iko mjini Lubumbashi, na kwa miaka sasa kinga yangu, maana ndivyo tunavyoiita baiskeli huku, ndiyo inayonifikisha zamu ya asubuhi. Kwa maoni yangu tumeyapindua mambo. Kama ni lazima kuipumzisha baiskeli, ipumzishwe Januari. Juni na Julai barabara ni kavu, tope limekuwa udongo mgumu, anga haina wingu, na nguo ulizovaa unafika nazo vile vile ulivyotoka. Kinachowashinda watu ni robo saa ya kwanza tu, na robo saa hiyo ina dawa.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam huenda anacheka: baridi gani tena Kongo? Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa Luano uko juu zaidi, kama mita 1,300. Tuko digrii 11 na zaidi kusini mwa ikweta, karibu na mpaka wa Zambia. Mvua zikiisha, upepo mkavu unavuma kutoka kusini mashariki, na usiku anga hubaki wazi. Mawingu ndiyo blanketi la ardhi; yakiondoka, joto lote la mchana linapanda juu na kupotea. Ndiyo sababu alfajiri za Juni na Julai huwa digrii 8 hivi, siku nyingine chini ya hapo, na mchana wa siku ile ile unapanda hadi 25 au 26. Yaani baridi yetu ni ya saa chache. Bahati mbaya saa zenyewe ndizo za kwenda kazini.

Na njia yangu inaichochea. Kutoka Luano kwenda mjini, kwa jumla ni kushuka. Watu hudhani hiyo ni neema. Kwenye baridi ni kinyume: asiyekanyaga hapati joto, na baiskeli inayoteremka inatengeneza upepo wake yenyewe. Kuna hesabu ambayo wataalamu wa hali ya hewa wa Kanada na Marekani waliikubali mwaka 2001 ya kupima jinsi upepo unavyouhisisha mwili baridi. Kwa hesabu hiyo, digrii 8 ukiwa unakwenda kilomita 20 kwa saa zinakuwa usoni pako kama 5. Kisha kuna bonde lenye kijito. Hewa baridi ni nzito, usiku inatiririka na kujikusanya mahali pa chini, kwa hiyo ukiingia pale unahisi umepigwa na kitu, na ukipanda upande wa pili, mita chache tu, unahisi nafuu. Niliyetoka naye siku moja alitaka kugeuka pale bondeni. Nilimwambia avumilie hadi kwenye mti uliokuwa juu ya mwinuko. Alipofika akaniuliza baridi imekwenda wapi.

Mikono ndiyo inayolia kwanza. Mwili ukihisi baridi unalinda moyo, mapafu na ubongo, kwa hiyo unabana mishipa ya vidoleni na kuvuta damu ndani. Miguu inazunguka pedali, ina kazi. Vidole vimeshika usukani vimetulia, na vinakufa ganzi. Ganzi hiyo ni hatari kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu mkono wa ganzi unachelewa kubana breki. Glavu za mitumba zipo, lakini nyingi ni zile nene za kuchezea theluji Ulaya, ukizivaa huhisi breki hata kidogo. Mimi navaa soksi za sufu mikononi, kidole gumba nimekitobolea tundu lake. Watoto wa jirani wananicheka. Wacheke.

Nguo nyingine ni suala la ujasiri mdogo: toka nyumbani ukiwa unahisi baridi kidogo. Aliyevaa hadi akasikia raha mlangoni, baada ya kilomita mbili atakuwa amelowa jasho, na jasho likipoa mgongoni ndipo anapougua kichomi cha maneno, yaani anaanza kusema baiskeli inaleta nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu. Ninachofanya ni kufunika kifua, maana upepo unaingilia mbele: gazeti la zamani chini ya sweta, kurasa mbili au tatu. Hata mabingwa wa Tour de France walikuwa wakijaza magazeti kifuani kabla ya kuteremka milimani. Kichwani kitenge, kimefunika masikio. Miguuni viatu vya kufunga, si kandambili.

Kitenge hicho hicho nakishusha puani. Hewa ya wakati huu si baridi tu, ni kavu, na kuivuta kwa nguvu kwa mdomo kunabana njia za pumzi, hasa kwa mwenye pumu. Kitambaa kinabakiza unyevu wa pumzi yako, unaourudisha ndani. Anza polepole, dakika kumi za kwanza pumua kwa pua, ndipo uongeze mwendo. Tena kuna moshi. Alfajiri hewa baridi inakaa chini na ile ya vuguvugu juu yake inaifunika, basi moshi wa matanuru ya matofali, wa nyasi zinazochomwa porini na wa mbabula za majumbani unabaki usawa wa pua. Jua likipanda, unatawanyika. Mwenye ruhusa ya kuingia kazini saa tatu anakutana na hewa nyingine kabisa.

Na kwa kuwa nimetaja mbabula, nisipite bila kusema: kila msimu wa baridi kuna watu wanaoingiza jiko hilo la makala, kama tunavyoyaita makaa, chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Gesi yake haina harufu na haiwaamshi. Iacheni mbabula nje.

Kuna pia ambao siwashauri kabisa kupanda baiskeli kwenye baridi ya alfajiri, nao ni wenye selimundu, ugonjwa tunaouita SS. Baridi ikibana mishipa, chembe zao za damu zinakwama kwa urahisi zaidi, na maumivu yanaanza. Kwao taksi-basi si uvivu.

Sasa jua, jambo ambalo sijasikia mtu akilizungumza. Mwishoni mwa Juni jua la Lubumbashi linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, karibu dakika arobaini na tano baada ya saa yake ya Desemba. Mwenye zamu ya saa moja lazima atoke kabla halijaonekana, kunapopambazuka. Njia yangu inaelekea kusini magharibi. Jua likitokea liko mgongoni. Jioni narudi kaskazini mashariki, na jua linazama kushoto kwangu, nyuma kidogo. Halinipigi machoni hata mara moja, nami nilifurahia hilo hadi nilipofikiria madereva wanaokuja mbele yangu. Asubuhi wao ndio wanaoliangalia. Dereva anayetaka kulipita gari jingine, jua likiwa kwenye kioo chake chenye vumbi, ananiona mimi dakika ya mwisho au hanioni. Tangu hapo nguo yangu ya juu ni vesti ya kung'aa kama wanazovaa wafanyakazi wa migodi. Mji wa shaba haukosi vesti hizo sokoni. Taa ya mbele naiwasha hata kukiwa na mwanga. Na nikiona gari linachomoza kulipita jingine, nashuka kwenye vumbi la kando bila kubishana.

Upepo, kwa upande wake, ni rafiki kuliko unavyodhaniwa. Alfajiri mara nyingi hewa imetulia; ule wa kusini mashariki unaamka jua likishapanda, na kwa njia yangu unakuja ubavuni. Hausaidii, lakini pia hauzuii.

Na wapo wanaopanda kwenye baridi kali kuliko yetu: huko Finland kuna mji unaoitwa Oulu, kaskazini mwa Ulaya, ambako watoto wanakwenda shule kwa baiskeli juu ya theluji, baridi ikiwa chini kabisa ya sufuri. Mwaka 2013 mji huo ulipokea kongamano la kwanza la dunia la waendesha baiskeli wa majira ya baridi. Ukisoma wanachosema, si habari za ushujaa. Ni habari za njia: wana njia za baiskeli zilizotengwa na magari, na manispaa inazisafisha mapema asubuhi. Watu wa Oulu hawana damu ya moto kutushinda, ila wana njia. Sisi hatuna njia, lakini pia hatuna theluji, na sioni kwa nini digrii 8 zitufungie ndani.

Tukirudi Luano, wanaotembelea kwetu hukumbushwa kuwa ni kwenye uwanja huu wa Luano ndiko Patrice Lumumba alikoshushwa kutoka ndegeni tarehe 17 Januari 1961, akauawa usiku ule ule. Sisi wa alfajiri tunapapita kwa sababu ndogo ndogo: unga, karo za watoto, zamu. Na wa kwanza kabisa barabarani ni watu wa makala. Wanatoka porini na magunia yamepangwa nyuma ya kiti hadi kupita kichwa cha mtu, wameondoka kungali usiku. Penye mwinuko wanashuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma. Wengine wamevaa shati moja tu. Mji mzima unapika bukari, ugali wetu, kwa makala, na sehemu yake inafika juu ya magurudumu mawili.

Mmoja wao tunasalimiana. Yeye ndiye aliyenifundisha nisisimame bondeni.

"Iko baridi mingi leo, mama," anasema.

"Mingi kabisa, papa."

"Usisimame. Ukisimama inakukamata."

Siku moja, tukiwa tunasukuma kwenye mwinuko, nilimuuliza anapata wapi moyo wa kuamka saa zile. Alinitazama kama nimeuliza swali la mtu wa ofisini.

"Nilishapakia mangaribi, mama. Asubui ni kwenda tu."

Nimesoma baadaye kwamba mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya jambo hilo hilo kwa lugha ya vitabu: anayeamua mapema kwamba saa fulani, mahali fulani, atafanya kitu fulani, hutimiza zaidi kuliko anayebaki na nia njema peke yake. Mtu wa makala hajamsoma. Lakini magunia yakishafungwa jioni, asubuhi hakuna cha kuamua, na kuamua ndiko kunakoshindwa na baridi. Kichwa kikiwa chini ya blanketi hakijawahi kutoa uamuzi mzuri saa kumi na moja.

Basi nami napakia mangaribi. Begi la sare linafungwa kwenye kerea, soksi za mikono zinawekwa juu ya usukani, gazeti linakunjwa tayari. Baiskeli nailaza imeelekea mlangoni. Magurudumu nayapima jioni kwa kidole gumba, na kuyajaza kidogo zaidi ya kawaida, kwa kuwa hewa iliyojazwa mchana wa joto inasinyaa alfajiri, na gurudumu legevu linanirudishia uzito miguuni. Mnyororo naufuta kwa kitambaa kabla ya kutia mafuta, maana vumbi la kiangazi likichanganyika na mafuta linakuwa msasa. Uji naupika usiku nautia kwenye chupa ya chai. Nikiamka, kutoa kitu hicho chote na kukirudisha mahali pake ni kazi kubwa kuliko kuondoka.

Mume wangu, ambaye ni mtu wa taksi-basi, alikuwa akiniuliza kila asubuhi ya Juni kama kweli nakwenda. Nilimwomba asiulize. Swali lenyewe ni mlango. Siku hizi akiamka anavuta komeo, anafungua lango, anarudi kulala. Huo ndio msaada mkubwa kuliko koti alilotaka kuninunulia.

Agosti ikifika katikati, alfajiri zinalegea. Septemba baiskeli zinatoka nyuma ya magunia ya unga, matairi yamelala, na fundi wetu wa kando ya barabara anapata wateja wa kupanga mstari. Oktoba ni joto la kuchosha, mwezi wa moto kuliko yote, na hakuna anayelalamika kwa vile kila mtu amesahau. Mimi wakati huo namwendea fundi na ombi jingine: raba mpya za breki, kabla ya mvua ya Novemba, maana breki za vyuma zikilowa zinahitaji raba nzima, na bonde lile lile la kijito litakuwa na tope.