Gari la haibridi huokoa petroli zaidi mjini kuliko barabara kuu

KILA tarehe 14 ya mwezi, wenye magari nchini Kenya husubiri kwa wasiwasi tangazo la bei mpya za mafuta kutoka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Si ajabu basi kwamba familia zinazonuia kununua gari lililotumika kutoka Japani huuliza: je, gari la haibridi, lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kweli hupunguza gharama?

Jibu linategemea mahali gari litakapoendeshwa.

Gari la kawaida hupoteza mafuta mengi katika msongamano. Injini huendelea kunguruma gari likiwa limesimama, na kila breki zinapokanyagwa, nguvu zilizokuwa zikilisukuma hugeuka joto na kupotea bure. Katika haibridi, injini huzimika yenyewe gari linaposimama. Aidha, dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurejesha sehemu ya nguvu hizo kwenye betri, nazo hutumika kuliondoa gari tena.

Katika barabara kuu, ambako breki hukanyagwa kwa nadra na injini hushindana na upepo mfululizo, manufaa hayo hupungua.

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla ya mwaka 2023. Kulingana na vipimo vya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani (EPA), Corolla ya petroli yenye injini ya lita 2.0 huenda takriban kilomita 13.6 kwa lita moja mjini na 17.4 katika barabara kuu. Ya haibridi huenda kilomita 22.5 mjini na 19.6 katika barabara kuu. Tofauti mjini inakaribia kilomita tisa kwa lita, ilhali barabarani haifiki hata tatu.

Kwa mwenye kusafiri kilomita 15,000 kwa mwaka, mjini na nje ya mji, wastani wa vipimo hivyo ni kama lita 1,000 kwa gari la petroli na lita 700 kwa haibridi. Zidisha lita hizo 300 kwa bei ya petroli, kisha ulinganishe na kiasi unachoongezewa unaponunua haibridi.

Hata hivyo, mnunuzi asihadaike na tarakimu za matangazo. Toyota Aqua ilipozinduliwa Japani mnamo Desemba 2011, ilipewa kilomita 35.4 kwa lita katika kipimo cha JC08, kiwango ambacho ni vigumu kukifikia katika uendeshaji wa kila siku. Nchini Marekani, EPA ilipoanza mwaka 2008 kuzingatia mwendo wa kasi, kiyoyozi na baridi kali, Toyota Prius ilishuka mjini kutoka kilomita 25.5 hadi 20.4 kwa lita.

Njia bora ni kujipimia mwenyewe. Jaza tangi, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, endesha kama kawaida, kisha ujaze tena. Gawanya kilomita ulizosafiri kwa lita ulizoongeza.

Na kabla ya kulipia haibridi iliyotumika, fundi aipime betri kubwa. Ikiwa imechakaa, gharama ya kuibadilisha yaweza kumeza akiba ya petroli ya miaka kadhaa.