VUMBI USILOLIONA: HESABU INATUFUNDISHA NINI?

Ndugu mfanyakazi, ukitoboa jiwe unaona wingu la vumbi na unageuza uso. Wingu likiisha unasema: «Sasa hewa ni safi.» Hapo unajidanganya. Vumbi kubwa limeanguka, lakini lile dogo sana lingali linaelea mbele ya pua yako.

Dogo namna gani? Gawa milimita 1 mara 1000, unapata mikroni. Unywele una unene wa mikroni 70 hivi. Gawa mikroni 1 tena mara 1000, unapata nanometa. Chembe nyingi za moshi wa mashini za mazuti hazifiki nanometa 100.

Hakuna munganga anayeweza kuifuata kwa macho chembe kama hiyo ndani ya pafu la mtu mzima. Kwa hiyo wataalamu wanatumia hesabu. Mwaka 1963 Ewald Weibel wa Uswisi alitoa vipimo vya njia za hewa: zinagawanyika mbili mbili, kama matawi ya mti, mara 23, mpaka kwenye vifuko vidogo ambamo damu inapokea hewa. Vipimo vya namna hiyo vinawekwa ndani ya ordinateri, pamoja na mwendo wa pumzi na ukubwa wa chembe. Ordinateri inahesabu chembe zitakwama wapi. Kisha jibu linalinganishwa na vipimo vilivyochukuliwa kwa watu waliojitolea.

Hesabu iliyotolewa mwaka 1994 na Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi inaonyesha hivi:

— Chembe zinazopita mikroni 10: nyingi zinanaswa puani na kooni.

— Chembe za mikroni chache tu: zinafika vifukoni. Humo vumbi la silika linaleta silikosi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya.

— Chembe za nanometa 300: nyingi zinatoka tena na pumzi.

— Chembe za nanometa 20: karibu nusu zinabaki vifukoni. Hewa inazisukuma huku na huku, zinayumba kama mlevi, mwisho zinagonga ukuta wa pafu.

Na moshi wa mazuti si mchezo: mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansa la OMS lilithibitisha kwamba unaleta kansa ya mapafu.

Je, maski inafaa? Ndiyo. Katika maski nzuri ya vumbi, chembe ndogo sana zinayumba vilevile, zinagonga nyuzi na kunaswa. Lakini hewa inayopita kando ya shavu haichujwi. Maski iliyolegea, au iliyovaliwa juu ya ndevu, haikulindi.

Basi, kumbuka:

1. Toboa kwa maji, usitoboe kwa ukavu.

2. Usiingie baada ya baruti kabla hewa haijabadilishwa.

3. Zima mashini ya mazuti isiyofanya kazi.

4. Vaa maski ibane uso. Kitambaa si maski.

5. Nawe mama, usikung'ute nguo za kazi nyumbani. Zitie majini kwanza.

Jicho halioni kila kitu. Usingoje kukohoa ndipo uamini.