Shaba Moja, Reli Mbili na Mzigo wa Kariakoo

Kuna jambo linalozungumzwa sana Lusaka, Luanda na Beijing, lakini hapa Kariakoo halizungumzwi, ilhali wa kwanza kuliona mfukoni watakuwa watu wa Mtaa wa Kongo na Msimbazi.

Jambo lenyewe ni shaba. Shaba na kobalti ya Katanga, kusini mwa Congo, pamoja na shaba ya Zambia. Hizo ndizo nyaya za umeme na betri za magari mapya ambayo wakubwa wa dunia wanashindana kuyatengeneza. Congo peke yake hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani. Lakini madini hayo yako mbali na bahari kwa pande zote. Kwa hiyo swali si nani anayachimba tu, bali yanatokea mlango upi: wa mashariki, yaani Dar es Salaam, au wa magharibi, yaani Lobito, nchini Angola.

Mlango wa mashariki tunaujua. Ian Smith na walowezi wenzake walipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta shaba yake inapita mikononi mwa adui. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitaka reli ya kutokea huku. Benki ya Dunia ilikwisha kusema mwaka 1964 kwamba reli hiyo haitalipa. Wachina wakasema watajenga. Mkataba ukatiwa saini Beijing mwaka 1967, kazi ikaanza mwaka 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa kwa wenyewe, kwa mkopo usio na riba. Anayetaka kujua gharama nyingine aende Gongo la Mboto, humu humu wilayani Ilala, akaone makaburi ya Wachina karibu 70.

Hata hivyo, asitokee mtu akaniambia kwamba yale yalikuwa mapenzi matupu. China ya wakati ule ilikuwa nje ya Umoja wa Mataifa na ilikuwa inatafuta marafiki. Kiti ilikipata Oktoba 1971, na Tanzania, balozi wetu akiwa Salim Ahmed Salim, ilikuwa mstari wa mbele kukidai. Tulipewa reli, tukatoa sauti yetu. Mimi naona ile ilikuwa biashara nzuri, na kila upande ulijua unachouza.

Mlango wa magharibi una historia ya kuchekesha zaidi. Reli ya Benguela, inayotoka Lobito hadi mpaka wa Congo, ilijengwa na kampuni ya Mwingereza Robert Williams, na jina la kampuni hiyo, msicheke, lilikuwa Tanganyika Concessions. Angola ilipopata uhuru mwaka 1975 vita vikaifunga. Baada ya vita nani aliijenga upya? Wachina hao hao, wakamaliza mwaka 2014. Kisha mwaka 2022 Angola ikaikabidhi kwa miaka 30 kwa kampuni tatu za Ulaya: Trafigura, Mota-Engil na Vecturis. Marekani nayo ikaja na ahadi ya mkopo wa dola milioni 553, na Desemba 2024 Rais Joe Biden akafika Lobito yeye mwenyewe. Kumbe reli iliyotengenezwa na Mchina ndiyo iliyogeuzwa njia ya Mmarekani ya kumpunguzia Mchina nguvu!

China haikukaa kimya. Reli yetu ya TAZARA ilikuwa imechoka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000, wakati ilijengwa kubeba milioni 2 kwa mwaka. Tarehe 29 Septemba 2025, mjini Lusaka, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC: dola bilioni 1.4, miaka 30, mitatu ya kukarabati na 27 ya kuendesha. Safari hii si mkopo wa kirafiki kama ule wa 1967. Kampuni inaweka fedha na inataka kuzirudisha kwa faida.

Sasa basi, muuza vitenge anahusikaje?

Sikilizeni hesabu ya mwenye lori. Lori likipanda kwenda Lubumbashi na bidhaa, kisha likashuka na shaba, gharama za safari nzima, mafuta, dereva, ushuru wa barabara na siku za foleni Kasumbalesa, zinagawanywa kwa mizigo miwili. Likirudi tupu, mzigo wa kupanda unalipa kwenda na kurudi. Reli nayo ni hivyo hivyo. Maana yake shaba inayoshuka Dar es Salaam inamlipia nusu ya nauli mama wa Kikongo anayenunua viatu na vyombo Kariakoo na kuvipakia kwenda kwao. Siku shaba ikielekea Lobito kwa wingi, lori lake halitakuwa na cha kushuka nacho, na nauli ya mabelo yake itapanda. Mwenye duka hapa ataona wateja wanapungua, atasema biashara imekuwa ngumu, atalaumu kodi. Pengine kodi nayo imo, lakini sababu nyingine itakuwa Angola, na hatakuwa na habari.

Kariakoo tunapenda kumjadili mgeni tunayemwona. Kelele kuhusu Wachina wenye maduka ya rejareja zilikuwa kubwa, na Julai 2025 Serikali ikatangaza biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Sikatai, mchuuzi ana haki ya kulindwa. Lakini Mchina anayeuza mikanda anaweza kufungiwa duka kwa siku moja. Mwenye mkataba wa miaka 30 wa reli hafungiwi, wala DP World ya Dubai, iliyotia saini mkataba wa bandari Oktoba 2023. Hao ndio wa kuulizwa maswali marefu.

Waliojifunza mchezo huu ni Wazambia. Mwaka 2023 walitia saini na Angola na Congo kuhusu njia ya Lobito. Mwaka 2025 wakasaini TAZARA. Wameketi meza zote mbili, na kila mnunuzi anajua yupo mwenzake. Congo, masikini, imeketi na bunduki mgongoni. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wa Congo na Rwanda walithibitisha mapatano ya amani huko Washington, na siku hiyo hiyo Congo ikatia saini ushirikiano wa madini na Marekani. Siku chache baadaye waasi wa M23 wakaingia Uvira, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika letu. Mtu anayetafuta mlinzi hapangi bei.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, nchi zilizomo kote kuwili ni mbili tu: Tanzania na Congo. Februari 2025 wakuu wa jumuiya zote mbili walikutana hapa hapa Dar es Salaam kuzungumzia vita vya Congo. Hawakukutana kuzungumzia nauli ya shaba, ingawa nionavyo mimi mambo hayo mawili hayako mbalimbali: anayepanga njia ya madini hupanga pia ni amani ya nani itakayolindwa kwanza.

Mkataba mpya wa TAZARA unataja injini mpya 32 na mabehewa 762. Mabehewa hayo yatashuka na shaba, hilo halina ubishi, kwa kuwa kampuni za migodi zina mawakala wa kuyawekea nafasi. Je, yakipanda yatakuwa wazi kwa mfanyabiashara mwenye mabelo 20, au kwa mwenye makontena 20 peke yake? Nauli itatangazwa hadharani au itapangwa mezani? Wafanyabiashara wa Kariakoo wana jumuiya yao, na ukarabati umepewa miaka mitatu. Wakati wa kuuliza ni sasa, kabla nafasi hazijagawanywa.